Nani hasa alilegeza udhibiti wa umeme California?

Wengi wanaamini kwamba wapiga kura wa California, Marekani, ndio walioamua kulegeza udhibiti wa biashara ya umeme, na hivyo wakajiletea wenyewe mgawo wa umeme wa miaka ya 2000 na 2001. Imani hiyo inaeleweka, kwa kuwa mambo mengi jimboni humo huamuliwa kwa kura ya wananchi. Hata hivyo, sheria yenyewe ilipitishwa na bunge la jimbo mwaka 1996. Kura ya Novemba 1998, iliyoitwa Pendekezo la 9, ilikusudia kinyume chake, yaani kufuta baadhi ya vifungu vya sheria hiyo, zikiwemo tozo zilizowekwa kwenye bili ya mteja ili kufidia gharama za mitambo ya nyuklia. Nayo ilikataliwa kwa zaidi ya asilimia 70. Kukataa marekebisho si kutunga sheria, na naona ni haki ya wapiga kura wale tofauti hiyo itajwe wazi.

Anayetaka kuhakiki asome kijitabu rasmi cha wapiga kura cha mwaka huo, chenye maneno kamili ya pendekezo, uchambuzi wake na hoja za pande zote mbili, kisha alinganishe tarehe yake na ya sheria.