Kitulo kwa siku moja: kutembea taratibu kwenye Bustani ya Mungu

Wengi wanaopanda Kitulo kwa mara ya kwanza hushuka na lalamiko moja: tumezunguka na gari kutwa nzima, tumeona nyasi. Nyasi zipo kweli, tena nyingi. Ila huku hakuna vibao vya majina, hakuna maua yaliyopandwa kwa mistari wala benchi chini ya mti, na ua lenye kimo cha kiganja halionekani kwenye dirisha la gari linalokimbia. Ushauri wangu ni mmoja: tenga siku nzima kwa ajili ya kutembea kilomita mbili au tatu tu, na uzichague vizuri hizo kilomita.

Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, ina ukubwa wa kilomita za mraba 413 hivi, kwenye uwanda wa mita 2,600 kutoka usawa wa bahari, kati ya safu za milima ya Kipengere, Uporoto na Livingstone. Ilitangazwa rasmi mwaka 2005, na ndiyo hifadhi ya taifa ya kwanza katika Afrika ya tropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Wataalamu wa mimea, ambao nao wana majigambo yao, wanaiita Serengeti ya Maua. Mimea iliyoorodheshwa inafika aina 350, na kati yake 45 ni okidi za ardhini, yaani zile zinazoota kwenye udongo, si zile zinazong'ang'ania matawi ya miti.

Tuanze na msimu, maana hapo ndipo safari nyingi zinapoharibika. Usipande kwa sababu tu umepata likizo. Maua huanza mvua ikishashika, mwishoni mwa Novemba, na huendelea mpaka Aprili. Desemba na Januari rangi hubadilika upesi. Mteremko ulioupita leo, baada ya wiki mbili ni mwingine kabisa. Anayetaka okidi namwambia Februari. Machi na Aprili maua bado yapo, lakini nyasi zimerefuka na barabara imelegea. Juni hadi Agosti ni baridi na ukungu, na asubuhi nyingine unaikuta sakitu imetanda nyeupe kwenye nyasi. Septemba hadi Novemba jua linawaka, kutembea kunanoga na milima inaonekana mbali, ila maua ni machache, isipokuwa kwenye maeneo yaliyopitiwa na moto. Hapo kuna mimea inayotoa ua kabla ya jani, kabla hata ya tone la kwanza la mvua.

Inawezekanaje mmea uchanue kwenye ardhi iliyoungua? Kwa sababu akiba yake iko chini. Uwanda huu una sakitu, una miezi ya ukame na una moto, na mmea unaoacha mwili wake wote juu mwaka mzima hupata tabu. Mingi imejificha kwenye viazi, vitunguu na mashina ya chini ya udongo, na hutoka pale tu hali inaporuhusu. Kwa hiyo unachokiona Februari ni matumizi ya akiba iliyowekwa mwaka uliopita.

Okidi ndizo zinazoonyesha jambo hili waziwazi. Chini ya bua moja kuna viazi viwili. Kimoja kimesinyaa na kulegea, kwa kuwa ndicho kinachogharamia bua na maua unayoyaona. Cha pili ni kigumu, kimejaa, na ndicho cha mwaka ujao. Wachimbaji wa chikanda wanakitaka hicho cha pili. Kwa asiyeijua, chikanda ni kitoweo kinachopendwa sana Zambia: viazi vya okidi hukaushwa, hutwangwa, kisha hupikwa pamoja na karanga zilizosagwa, pilipili na magadi mpaka mchanganyiko ushikane na kuweza kukatwa vipande. Okidi za Zambia zilipopungua, wanunuzi wakahamia Nyanda za Juu Kusini, na mamilioni ya viazi yakavuka mpaka. Hiyo ni moja ya sababu kubwa zilizofanya uwanda huu uhifadhiwe. Mchimbaji akishang'oa kiazi kigumu, mmea huo hauna tena cha kuuinua mwakani, hata kama ua lake bado limesimama kwa siku chache.

Na kwa nini okidi isilimwe tu kama viazi vya kawaida? Mbegu ya okidi ni ndogo kama vumbi na haina chakula chochote ndani yake. Haioti mpaka ikutane na kuvu maalumu wa udongoni anayeilisha. Ndiyo maana pia anayeng'oa okidi kwa siri akaipande kwenye chungu nyumbani Mbeya mjini, Forest au Uyole, huishia na chungu kitupu: ameubeba mmea, kuvu ameachwa mlimani. Tena kuchuma au kung'oa mmea ndani ya hifadhi ni kosa kisheria. Piga picha, inatosha.

Sasa njia. Kutoka Mbeya mjini kuna mbili. Ya kwanza ni barabara kuu ya kwenda Makambako na Iringa, kilomita 78 mpaka Chimala, kisha unakata kulia kupanda ukuta wa mlima kwa barabara ya Hamsini na Saba, iliyopewa jina kwa idadi ya kona zake. Juu yake ni Matamba, yaliko makao makuu ya hifadhi, na kutoka hapo bado unapanda kufika uwandani. Ya pili inaanzia barabara ya Tukuyu: unachepuka kushoto Isyonje, unapita Kikondo, unatokea upande wa shamba la serikali la ng'ombe wa maziwa. Kwa mgeni wa maua napendelea ya kwanza, kwa sababu unaanzia makao makuu, unalipia, unapewa mwongozaji, na unamuuliza swali la maana kuliko yote: wiki hii kunachanua wapi? Mwongozaji aliyepita bonde fulani juzi anakufaa kuliko kitabu chochote, changu kikiwemo kama ningekuwa nacho.

Malipo hayafanyiki kwa noti mkononi. Unapewa namba ya kumbukumbu ya malipo na kulipa kwa simu au benki. Mtandao wa milimani una tabia zake, kwa hiyo hakikisha simu ina salio kabla hujaondoka mjini. Ondoka saa kumi na mbili asubuhi. Ukiwa na usafiri wa umma, basi lolote la kuelekea Makambako litakushusha Chimala, na hapo utatafuta gari la Matamba. Kwa siku moja, lakini, usafiri wa umma unakula saa zote nzuri. Watu wanne mkichangia gari lenye magurudumu manne ya kuvuta mtapumua zaidi. Gari dogo hufika wakati wa kiangazi. Mvua ikinyesha udongo wa huku huwa utelezi mtupu, na kwenye kona za Hamsini na Saba si mahali pa kujifunzia.

Ukifika uwandani, usijaribu kuumaliza. Tafuta maeneo matatu ya aina tofauti, yaliyo karibukaribu, na uyape kila moja saa nzima.

La kwanza ni bonde lenye majimaji. Hapa mguu unadidimia, na ndiyo sababu ya kubeba buti za mpira badala ya raba nyeupe. Hapa ndipo penye maua ya Kniphofia, yale mabua marefu yenye kichwa cha rangi ya moto. Kitazame kichwa kimoja kwa makini: vitumba vya juu vimeiva kwa rangi, vya chini vimeshafunguka na kupauka kuelekea njano. Kinachanua kutoka chini kwenda juu, siku baada ya siku. Kaa hatua kumi kutoka hapo bila kujitikisa, na ndege chozi atakuja kunyonya mbochi, yaani maji matamu ya ua. Anapoondoka, ukiwa na darubini, utaona paji lake limepakwa chavua.

La pili ni mteremko wa nyasi fupi, usiotuamisha maji. Hapa kuna jeranio, maua makavu ya Helichrysum yanayokwaruza kama karatasi ukiyagusa, na Moraea, jamaa wa ayrisi, ambazo nyingi hufunguka kwa saa chache na kunyauka siku hiyohiyo. Usiikute imefunga ukadhani imekufa. Jaribu tena jua likishapanda. La tatu ni penye miamba au ukingo wa msitu, kwenye shubiri, protea na, panapopita kijito, lobelia na maua ya Impatiens yanayopenda kivuli.

Okidi utazikuta hasa kwenye maeneo mawili ya mwanzo, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mtu anayeweza kutofautisha hata mbili tu hufurahia siku mara dufu. Beba kioo cha kukuzia mara kumi. Kisipokuwepo, kamera ya simu inatosha. Piga goti, usiinamishe ua. Kisha hesabu mikia. Nyuma ya ua la okidi nyingi kuna kimkia chembamba, na mara nyingi ndicho kinachoweka mbochi. Ukiona ua lenye kofia juu na nyuma ya kofia kimkia kimoja, hiyo kwa kawaida ni Disa. Ukiona kofia na mikia miwili ikining'inia nyuma sambamba, hiyo ni Satyrium. Kofia hizi mbili hazina asili moja. Ya Disa ni sepali ya juu, yaani kijani cha nje cha ua, iliyojikunja. Ya Satyrium ni mdomo wa ua, ile petali ambayo kwa okidi nyingi iko chini. Okidi nyingi huzungusha kikonyo cha ua nusu duara kabla ya kuchanua ili mdomo ukae chini, mdudu apate pa kutua. Satyrium haisumbuki kuzungusha, kwa hiyo mdomo wake unabaki juu.

Ya tatu ni Habenaria: ya kijani au nyeupe, imekatikakatika, na mkia wake mrefu unaning'inia chini. Mchana watu huipita kwa sababu haina rangi ya kujionyesha. Nyingi zake hazikungoji wewe, zinangoja nondo wenye ulimi mrefu wanaokuja kwa harufu giza likiingia.

Kuhusu picha, kosa la kawaida ni kupiga ukiwa umesimama, ua likapotelea kwenye nyasi. Shusha simu mpaka usawa wa ua na uweke anga au mlima nyuma yake. Upepo huku haulali. Mwenzako akikinga kwa koti, picha haitatikisika. Piga na jani la chini pia, kwa maana mara nyingi hata wataalamu hawawezi kutambua mmea kwa ua peke yake. Usikanyage nje ya mapito kwa ajili ya picha nzuri zaidi: ua moja linaloonekana lina majirani ambao bado hawajatoka ardhini.

Wapenda ndege wana tandawala wa Denham na mbayuwayu wa buluu, anayekuja kuzaliana msimu wa mvua. Kipunji, kima aliyejulikana kwa wanasayansi mwaka 2003 kwenye mlima Rungwe, anaishi pia msitu wa Livingstone, lakini huyo si wa safari ya siku moja.

Mwili nao una madai yake. Kutoka Chimala unapanda zaidi ya mita 1,000 kwa muda mfupi, na hewa ya mita 2,600 ni nyepesi. Aliyetoka Dar jana anaweza kuumwa kichwa na kuhema kwenye kilima kidogo. Atembee polepole, anywe maji, bia isubiri mjini. Lita moja na nusu kwa kila mtu inatosha. Jua la huku huchoma hata kukiwa na ukungu, kwa hiyo kofia na mafuta ya kuzuia jua si anasa. Sweta na koti la mvua vibaki begani, si garini. Chakula nunua Uyole ukipita: ndizi, parachichi, chapati, na chai kwenye chupa. Usitegemee kupika uwandani. Maji huchemka kwenye nyuzi 91 hivi na maharage yatakuadhiri. Beba turubai dogo la kukalia, kwani nyasi huwa na umande mpaka karibu saa nne. Takataka zote rudi nazo.

Mvua za msimu wa maua hupenda mchana, na ukungu unaweza kufunga ghafla mpaka usione nguzo ya mbele. Kwa hiyo maua yaangaliwe kati ya saa tatu na saa saba, chakula kiliwe baada ya hapo, na saa tisa muwe mmeanza kuelekea Matamba. Kushuka Hamsini na Saba ni kwa gia ya kwanza au ya pili tangu kona ya juu, injini ishike gari. Dereva anayeshuka kwa breki tupu huzichemsha, na kabla ya kufika chini abiria wanasikia harufu ya mpira kuungua. Ikitokea hivyo, simameni penye upana, wekeni mawe kwenye magurudumu, mzingoje zipoe zenyewe nusu saa. Msizimwagie maji, chuma cha moto hupasuka. Chimala mkifika kabla ya giza, magari ya kurudi Mbeya bado ni mengi.