Fasihi andishi ya Afrika haikuanza na ukoloni

Imezoeleka kusemwa kwamba kabla ya ukoloni Waafrika walitunza kumbukumbu zao kwa mdomo tu, na kwamba fasihi andishi ililetwa na wamisionari. Dai hilo si sahihi. Utendi wa Tambuka ulikwisha kuandikwa mjini Pate, pwani ya Kenya ya leo, mwaka 1728, kwa hati za Kiarabu, na baadaye shairi la Al-Inkishafi likauhifadhi mji huohuo katika anguko lake: madaka (vishubaka vya ukutani) yaliyopangwa vyombo vya kaure yamekuwa malazi ya makinda ya ndege, na bundi wanakoroma ndani ya nyumba zilizokuwa za matajiri. Nchini Ethiopia, Kebra Nagast, kitabu cha karne ya 14 kwa Kigeez, lugha ya kale ya nchi hiyo, kiliiunganisha nasaba ya wafalme na Suleimani na Malkia wa Sheba, nayo katiba ya mwaka 1955 ikalirudia dai hilo kisheria. (Kwamba nasaba hiyo haithibitiki kihistoria ni jambo jingine, dola ilijitambulisha kwayo.) Wala simulizi na maandishi havikutengana: mashairi mengi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, yaliishi vinywani mwa watu kwa miongo kadhaa kabla ya kukusanywa na kuandikwa.