Kelele za kibodi ofisini: kipimo kinasema kidogo kuliko sikio

Mwezi uliopita niliitwa kwenye ofisi moja ya ghorofani katikati ya jiji la Mwanza. Watu wanane, chumba kimoja, meza zimepangwa zikitazamana. Aliyeniita ni mama mmoja mhasibu, na hakunipa nafasi ya kufungua begi. "Marahaba, marahaba, shikamoo yako nimeipokea. Sasa nyamaza usikilize." Nikanyamaza. Kutoka kona ya dirishani ikaja tak, tak-tak, tak, kama yale matone ya kwanza yanayodondoka kwenye bati wakati mvua haijaamua kama inyeshe au iache.

Aliyekuwa akichapa ni kijana anayetengeneza programu za kompyuta. Kibodi ameinunua kwa pesa yake, anaipenda, na alikuwa na methali tayari: "Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji." Mama hakuinua hata kichwa. "Mimi si ng'ombe, mwanangu. Nafunga hesabu za mwezi."

Nikatoa kipima sauti, nikakishika usawa wa sikio la mama, kama mita mbili kutoka kwenye kibodi. Ofisi nzima ikaja kuchungulia. Namba haikufika desibeli 60, desibeli ikiwa ndicho kizio cha kupimia sauti. Kijana akatabasamu, na kwa namba hiyo alikuwa na sababu. Watu wawili wakizungumza kawaida, mmoja akiwa mita moja kutoka kwa mwenzake, sauti huwa karibu na desibeli 60. Kiwango kinachotumika katika nchi nyingi kulinda masikio ya mfanyakazi ni desibeli 85 kwa saa nane. Kila zikiongezeka 3, muda hukatwa nusu, kwa hiyo kwenye 88 ni saa nne tu. Hakuna kibodi ya ofisini inayofika huko. Anayekwambia kibodi ya jirani itakutia uziwi anakutisha bure.

Ila mama naye hakuwa anadeka.

Kipimo cha aina ile, kikiachwa kwenye mpangilio wa kawaida, hutoa wastani. Mlio wa kitufe ni wa kufumba na kufumbua, kisha kimya, kisha mwingine. Ukichukua wastani, kile kimya katikati kinaumeza mlio. Ni kama kumchoma mtu sindano kumi kwa siku halafu umwambie kwamba kwa wastani hakuguswa. Nilipohamisha kipimo kionyeshe kilele cha kila mlio, namba ikaruka na tabasamu la kijana likapungua. Wataalamu wa sauti wanalijua jambo hili siku nyingi. Kanuni ya kimataifa ya kupima kelele za mazingira, ISO namba 1996, huongeza desibeli 5 kwenye hesabu pale kelele inapokuja kwa kishindo cha ghafla, na 12 pale vishindo vinapokuwa vikali sana, kwa sababu watu hukerwa nayo kuliko mngurumo wa mfululizo wenye wastani uleule. Haikuandikwa kwa ajili ya ofisi, lakini sikio linalozungumziwa ni hilihili.

Halafu desibeli hazijumlishwi kama kilo za sangara. Kibodi mbili zenye sauti sawa huongeza desibeli 3 tu juu ya ile moja, na nane huongeza 9. Desibeli 10 zikiongezeka, nguvu ya sauti imekuwa mara kumi, ingawa sikio litasema ni kama mara mbili. Ndiyo maana ofisi yenye kibodi nane za namna hii haina kelele mara nane, na ndiyo maana pia ukiondoa moja kati ya nane hutasikia tofauti. Ikiwa ni moja peke yake kwenye chumba kimya, kama hapa, utamjua mwenye nayo hata ukiwa umefumba macho.

Niliomba ruhusa nikang'oa kofia ya kitufe kimoja. Kibodi za kawaida zina utando wa mpira chini ya vitufe vyote. Hizi zina swichi yake kwa kila herufi: springi, kijiti cha plastiki kinachoshuka, na vipande viwili vyembamba vya chuma vinavyogusana. Kampuni ya Cherry ya Ujerumani ilianza kutengeneza swichi zake za MX miaka ya 1980, na rangi zake zimekuwa lugha ya soko zima. Nyekundu hushuka moja kwa moja. Kahawia ina kinundu ambacho kidole hukihisi njiani. Bluu ina kipande kidogo cha plastiki kinachofyatuka, na mlio wake umewekwa kwa makusudi ili mchapaji ajue herufi imeingia. Ya kijana ilikuwa bluu. Nilidhani hivyo tangu mlangoni.

Lakini mlio huo ni nusu tu ya hadithi. Swichi kama hizi husafiri milimita 4 hadi chini, na herufi huandikwa zikiwa zimefika karibu 2. Milimita zilizobaki ni kidole kugonga sakafu ya kibodi bila faida yoyote. Kijana wetu alikuwa anatwanga kila herufi hadi chini. Anayetwanga hivyo, hata ukimnunulia swichi nyekundu, kile kishindo cha chini kitabaki, pamoja na kile cha kitufe kurudi juu. Kile kitufe kirefu cha kuacha nafasi kati ya maneno ndicho kibaya kuliko vyote: kina waya chini yake wa kukishikilia kisiinamie upande mmoja, na waya mkavu hutikisika ndani ya plastiki. Tone la grisi humaliza tatizo.

Kisha nikagonga meza kwa kifundo cha kidole. Ilikuwa ya ubao mwembamba, tupu ndani. Ngoma kabisa. Nikamwomba mama kitenge alichojitanda mabegani kwa ajili ya baridi ya kiyoyozi, nikakikunja mara nne, nikakiweka chini ya kibodi. "Chapa." Kijana akachapa. Ule mlio mwembamba wa swichi ulibaki, lakini kile kishindo kizito kilichokuwa kinasafiri kwenye ubao hadi meza ya pili kikafa. Hata kijana mwenyewe alisimamisha vidole akasikiliza. Mama akakitazama kitenge chake kama anayejiuliza kitarudi lini.

Bado chumba chenyewe. Mwanza tunajenga kwa kila kitu kigumu: plasta, vigae, vioo vikubwa ili ziwa lionekane. Miaka ya 1890, mwanafizikia Wallace Sabine wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alipewa ukumbi wa mihadhara uliokuwa na mwangwi usiovumilika. Akawa anabeba mito ya viti usiku, anaipanga ukumbini, na kupima inachukua muda gani sauti ife. Kanuni aliyoipata bado tunaitumia: zidisha ujazo wa chumba kwa 0.161, kisha gawanya kwa uwezo wa nyuso zote kumeza sauti. Chumba kitupu cha mita 6 kwa 5, kimo 3, chenye kuta, dari na sakafu ngumu zinazomeza kama asilimia 3 tu ya sauti, kitaishikilia sauti kwa karibu sekunde 4. Tundika mita za mraba 12 za pazia zito linalomeza nusu, na muda unashuka hadi sekunde moja na nusu. Watu na viti navyo humeza, kwa hiyo ofisi inayotumika huwa na nafuu kuliko hesabu hiyo. Hata hivyo mimi ningenunua pazia kabla ya kumnunulia mtu kibodi mpya.

Kuna jambo linalowashangaza wengi. Ofisi hii ilihamia hapo kutoka karibu na Makoroboi, ambako wamachinga, spika za matangazo na bodaboda havikuwa vikipumzika. Huko hakuna aliyewahi kuilalamikia kibodi, na ilikuwa ileile. Sikio halipimi sauti peke yake. Linapima sauti imejitokeza kiasi gani juu ya mvumo uliopo. Ukifunga madirisha ya vioo vizuri, umeufukuza mvumo na kuuacha mlio ukiwa uchi.

Kilichonitia wasiwasi zaidi siku ile ni dada wa meza ya tatu. Yeye hakulalamika. Alikuwa amevaa spika za masikioni, na nilisikia muziki wake nikiwa nimesimama pembeni. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwenye vifaa vya kusikilizia. Saa 40 ni wiki nzima ya kazi. Kibodi haiwezi kumdhuru sikio, lakini dawa anayoitumia kuikimbia inaweza.

Kwa wanaotaka kupima wenyewe: programu za kwenye simu zinafaa kulinganisha kabla na baada, simu ikiwa mahali palepale. Usiichukue namba yake kwenda nayo kwa mwajiri kama ushahidi, maana maikrofoni ya simu haijasawazishwa kwa kazi hiyo.

Nilikaa na wote wanane ili wakubaliane, nikawasimulia jaribio la Wamarekani wawili, David Glass na Jerome Singer, la mwishoni mwa miaka ya 1960. Waliwafanyisha watu kazi kwenye kelele zinazokuja bila kutabirika. Baadhi waliambiwa kuna kitufe cha kuzizima, ila ikiwezekana wasikitumie. Wengi hawakukigusa, na bado baadaye walivumilia mafumbo magumu kwa muda mrefu kuliko wale ambao hawakuwa na kitufe.

Dada wa spika za masikioni ndiye aliyesema, "Basi mama naye apewe kitufe chake." Wakachagua kikombe chekundu. Kikiwa juu ya meza ya mama, kibodi ya bluu inaingia kwenye begi na kijana anatumia ile ya mpira. Kikiwa kabatini, ruksa.

Wiki iliyopita nilipita tena kuangalia mapazia. Chini ya kibodi kulikuwa na kipande cha zulia, kitenge kimerudi mabegani kwa mwenyewe. Ilikuwa tarehe 30, hesabu za mwezi zinafungwa, tak-tak inaendelea kule dirishani. Nikamuuliza mama kikombe kiko wapi. Akanionyesha kabati kwa kidevu, macho kwenye karatasi zake, akaendelea kuhesabu.