Jimbo la Marekani Linaweza Kuikataa Sheria ya Washington?

Rais Barack Obama alitia saini sheria ya mageuzi ya bima ya afya tarehe 23 Machi 2010. Siku hiyo hiyo, wino haujakauka, mwanasheria mkuu wa Florida alifungua kesi katika mahakama ya shirikisho mjini Pensacola, akiwa na wenzake wa majimbo mengine 12. Baadaye walalamikaji wakafika majimbo 26 kati ya 50. Virginia ilikwenda mahakamani kivyake. Idaho ilikuwa imewatangulia wote: siku 6 kabla ya saini ya Obama, gavana Butch Otter aliidhinisha sheria ya jimbo iliyopinga wakazi wake kulazimishwa kununua bima.

Tangu wakati huo swali moja limekuwa likiturudia sisi tunaofundisha mambo ya katiba. Je, jimbo lina haki ya kuikataa sheria ya nchi? Na likikataa kabisa, linaweza kujitenga?

Msomaji wa kwetu asilifananishe jimbo la Marekani na mkoa. Gavana hateuliwi na rais, na rais hawezi kumfukuza. Jimbo lina katiba yake, bunge lake, kodi zake na mahakama yake ya juu. Marekebisho ya 10 ya katiba ya nchi yanasema mamlaka ambayo serikali kuu haikupewa yamebaki kwa majimbo au kwa wananchi. Lakini Ibara ya 6 ya katiba hiyo hiyo inaiweka sheria halali ya serikali kuu juu ya sheria yoyote ya jimbo. Kwa hiyo jimbo linaweza kuipeleka sheria mahakamani na kudai kuwa si halali. Kujitangazia lenyewe kwamba imebatilika haliwezi. South Carolina ilijaribu mwaka 1832 kwa sababu ya ushuru wa forodha, na rais Andrew Jackson akatishia kupeleka jeshi. Arkansas ilijaribu mwaka 1957 kuwazuia watoto weusi wasiingie shule ya wazungu mjini Little Rock. Rais wa wakati huo, Dwight Eisenhower, alipeleka askari wa miavuli kweli.

Kuhusu kujitenga, maneno yalikuwa mengi. Aprili 2009, kwenye mkutano wa wapinga kodi mjini Austin, gavana wa Texas Rick Perry aliwadokezea waandishi kwamba watu wakichoshwa na Washington, hakuna ajuaye litakalotokea. Alisema pia hakuona sababu ya kuvunja muungano, ingawa sehemu hiyo husahaulika. Tena wakati huo sheria ya afya ilikuwa bado haijapitishwa. Aliyeifunga moja kwa moja na suala la kujitenga ni Zach Wamp, mbunge aliyekuwa akigombea ugavana wa Tennessee. Julai 2010 alisema anatumaini majimbo hayatalazimika kufikiria kuachana na serikali hii. Mwezi uliofuata alishindwa kwenye kura za mchujo za chama chake. Obama alipochaguliwa tena mwaka 2012, ombi la kutaka Texas ijitenge lilikusanya sahihi zaidi ya 100,000 kwenye mtandao wa Ikulu, na Ikulu ikajibu kwa adabu kwamba haiwezekani.

Kisheria jambo hili lilikwisha zamani. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1869, katika kesi iliyohusu hati za dhamana za Texas yenyewe, kwamba muungano hauvunjwi kwa uamuzi wa jimbo moja. Wako wanaoamini hadi leo kwamba Texas iliachiwa mlango wa kutokea ilipojiunga mwaka 1845. Si kweli. Azimio la mwaka ule liliruhusu Texas igawanywe, hadi yapatikane majimbo matano, basi.

Debe tupu haliachi kuvuma, na vyombo vya habari hupenda mvumo. Upinzani uliobadilisha maisha ya watu ulipita kwa utulivu zaidi, mahakamani na kwenye vikao vya bajeti.

Medicaid ni bima ya serikali kwa watu wa kipato cha chini, iliyoanzishwa mwaka 1965. Washington hutoa fungu kubwa la fedha, jimbo huongeza lake na kuuendesha mpango. Jimbo halilazimiki kujiunga, na Arizona ilikaa nje hadi 1982. Sheria ya 2010 iliyataka majimbo yapanue Medicaid imfikie karibu kila mtu mzima wa chini ya miaka 65 mwenye kipato kisichozidi asilimia 138 ya mstari wa umaskini. Lililokataa lingeweza kupoteza fedha zote za Medicaid, hata zile za wanufaika wa zamani.

Uamuzi ulitoka tarehe 28 Juni 2012. Kwa kura 5 dhidi ya 4, Mahakama ya Juu iliyaacha yabaki malipo ambayo sheria ilimtoza asiye na bima, Jaji Mkuu John Roberts akiyahesabu kuwa kodi. Hayo ndiyo yaliyobeba vichwa vya habari. Upande wa Medicaid majaji 7 kati ya 9, wakiwemo wawili walioteuliwa na marais wa Democratic, chama cha Obama, walikubaliana kwamba Washington imevuka mpaka. Fedha zilizowekwa rehani zilizidi asilimia 10 ya bajeti nzima ya jimbo, na Roberts alilifananisha tishio hilo na bunduki iliyoelekezwa kichwani. Tangu siku hiyo upanuzi ukawa hiari.

Hapo ndipo penye uzito wa kisa hiki. Serikali kuu ilijitolea kulipa gharama yote ya wanufaika wapya kuanzia 2014 hadi 2016, kisha ishuke hatua kwa hatua hadi asilimia 90. Waswahili tunasema mkono mtupu haulambwi. Hapa mkono ulikuja umejaa, na bado majimbo mengi hayakuulamba. Hoja ya magavana kwamba anayelipa leo anaweza kuacha kesho haikuwa ya kipuuzi. Lakini kwa maoni yangu, kuacha asilimia 90 mezani kwa kuhofia ile 10 ni hesabu ya siasa kuliko ya fedha.

Matokeo yake ni pengo ambalo hakuna aliyelipanga. Waandishi wa sheria waliamini maskini wote watapata Medicaid, kwa hiyo ruzuku ya kununua bima binafsi wakaianzishia kwenye mstari wa umaskini kwenda juu. Mwaka 2024 mstari huo kwa mtu mmoja ulikuwa dola 15,060 kwa mwaka. Katika jimbo lililokataa upanuzi, mwenye dola 16,000 aliweza kupata ruzuku, na mwenye dola 12,000, asiye na mtoto wala ulemavu, kwa kawaida hakupata ruzuku wala Medicaid. Masikini zaidi ndiye aliyekosa.

Waliolegeza msimamo mara nyingi ni wapiga kura, si viongozi. Agosti 2010, asilimia 71 ya waliopiga kura Missouri waliikataa sheria ya Obama. Agosti 2020 jimbo hilo hilo lilipitisha upanuzi kwa asilimia 53. Bunge la jimbo likagoma kutenga fedha, hadi mahakama ya juu ya Missouri ilipoamua mwaka 2021 kwamba upanuzi ni halali na lazima utekelezwe. Idaho iliyotangulia kupinga ilipiga kura ya ndiyo mwaka 2018. Tennessee haikufika huko: Bill Haslam, aliyemshinda Wamp, alijaribu mwaka 2015 kuleta upanuzi wa namna yake akiwa gavana, na maseneta wa chama chake mwenyewe wakauzima kwenye kamati.

Mwishoni mwa 2024 yalikuwa yamebaki majimbo 10, Texas, Florida na Georgia yakiwamo. Wasomaji wenye ndugu huko wanalijua hili kwa njia nyingine. Louisville, Kentucky, na Nashville, Tennessee, ni miji ya jirani, saa tatu hivi kwa gari, na yote miwili ina wasemaji wa Kiswahili, hasa kutoka Kongo. Kentucky ilipanua Medicaid mwaka 2014. Raia wa Marekani asiye na mtoto na mwenye kipato kile cha dola 12,000 alistahili kuandikishwa Louisville. Akihamia Nashville kwa kazi ya mshahara ule ule, kadi yake ya Medicaid haimfuati, na ofisi ya huko itampima upya kwa masharti ya Tennessee.