Homa ya Q: hatari iko kwenye kondo la nyuma na vumbi la bandani

Mbuzi amezaa usiku. Asubuhi mwenye mifugo anakuta mtoto amekufa, kondo la nyuma limelala kwenye nyasi, na mama mtu amesimama pembeni anacheua kama kawaida. Anainama, analizoa kwa mikono mitupu, analirusha nje ya uzio. Mbwa wanamalizia. Wiki mbili au tatu baadaye mtu huyo yuko kitandani: homa kali, kichwa kinapasuka, jasho la usiku, mwili hauna nguvu. Lile kondo limeshasahaulika, na palipo na malaria homa yake itaitwa malaria.

"Mnyama angekuwa na ugonjwa, ningemwona anaumwa."

Kati ya dhana zote, hii ndiyo inayonitisha zaidi. Bakteria wa homa ya Q, Coxiella burnetii, hukaa ndani ya ng'ombe, mbuzi na kondoo bila kuwakondesha wala kuwakatisha malisho. Dalili ikijitokeza huwa ya uzazi: mimba kutupwa siku za mwishoni, watoto kuzaliwa wafu au dhaifu. Mara nyingi hata hiyo haionekani, na mnyama aliyezaa salama kabisa anaweza kuwa amemwaga bakteria banda zima. Gramu moja ya kondo lenye maambukizi inaweza kubeba bakteria bilioni moja. Binadamu naye anaweza kuugua kwa kuvuta hewa yenye bakteria wasiofika hata kumi. Ukiziweka hesabu hizo mbili pamoja, utaelewa kwa nini mahali pa kuzalia pananitia hofu kuliko kona nyingine yoyote ya shamba.

"Mimi sigusi mifugo, hainihusu."

Njia kuu ya maambukizi ni pumzi. Majimaji ya uzazi, mkojo na kinyesi hukauka na kuwa vumbi, lakini bakteria hawa hawafi kwa kukauka. Huvaa umbo dogo, gumu, linalostahimili joto na dawa nyingi za kuulia vijidudu, nao huweza kudumu kwenye udongo kwa miezi. Upepo ukipita, unawachukua.

Uholanzi iliyaona haya kwa uchungu. Mbuzi wa maziwa walianza kutupa mimba kwenye baadhi ya mashamba mwaka 2005. Kati ya 2007 na 2010 watu zaidi ya 4,000 waliripotiwa kuugua, na wengi wao hawakuwa wafugaji. Walikuwa wakazi wa jirani ambao pengine hawajawahi kufungua lango la zizi. Waliokaa ndani ya kilomita mbili kutoka shamba lenye maambukizi ndio waliokuwa hatarini zaidi. Mwishowe serikali iliamuru mbuzi wenye mimba katika mashamba hayo wauawe, na zaidi ya mbuzi 50,000 wakaondolewa.

Kwa hiyo usifagie banda kavu. Lowesha sakafu kwanza, vaa glavu na barakoa inayobana vizuri, kisha kondo na mtoto mfu vichomwe au vifukiwe shimo refu ambalo mbwa hawezi kulifukua. Mjamzito na mwenye tatizo la vali za moyo (vilango vinavyoongoza damu ndani ya moyo) wasizalishe mnyama, hata kama msaidizi mwingine hayupo karibu.

"Ni ugonjwa wa wachinjaji."

Ulianza kujulikana kwao, ni kweli. Mwaka 1935 daktari Edward Derrick aliitwa kuchunguza homa isiyoeleweka miongoni mwa wafanyakazi wa machinjio huko Brisbane, Australia. Wengi hudhani Q ni ya jimbo la Queensland. La, inatokana na neno la Kiingereza lenye maana ya swali, kwa kuwa chanzo cha homa hakikujulikana. Lakini hata paka anaweza kuwaambukiza watu. Nova Scotia, Kanada, watu waliokuwa wakicheza karata chumba kimoja na paka aliyekuwa akizaa waliishia kuugua nimonia ya homa hii.

Maziwa mabichi nayo si salama, ingawa si njia kubwa kama hewa. Mwaka 1956 Marekani ilipandisha kiwango cha joto la kusindika maziwa hadi nyuzi 63 kwa dakika 30, sababu ikiwa ni bakteria huyu. Ama kumkimbia mgonjwa, hakuna haja: ni nadra sana mtu kumwambukiza mwenzake.

"Ni kama mafua, yatapita yenyewe."

Karibu nusu ya walioambukizwa hawasikii chochote, na wengi wanaougua hupona. Hata hivyo, kwa wachache, chini ya watano katika kila mia, bakteria hubaki mwilini na kurudi baada ya miezi au miaka, mara nyingi kwenye vali za moyo. Hapo dawa hunywewa miezi 18 au zaidi, na bila tiba mgonjwa anaweza kufa. Ugonjwa ukiwa mpya, dawa ya antibiotiki iitwayo doksisaiklini, ya wiki mbili, kwa kawaida hutosha, na hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa mapema. Kipimo cha kingamwili kinaweza kukosa kuonyesha kitu wiki ya kwanza, hivyo daktari anayeushuku ugonjwa huu huanza dawa bila kusubiri majibu. Ila ili aushuku, lazima asikie habari za lile kondo, na wa kumwambia ni wewe.