Usiniambie tuweke siasa kando

Nimelisikia tena wiki hii, safari hii kwa kijana msomi wa uchumi, kwenye kikao cha kupitia vipaumbele vya ushirikiano na nchi za nje: "Siasa tuiweke kando, tuzungumze maendeleo." Wenzake wakatikisa vichwa kukubali. Nimelisikia pia kwa wakurugenzi, kwa masheha, kwa madereva wa daladala na kwa watu wa barazani ambao hawakubaliani juu ya jambo jengine lolote. Ni kauli inayopendeza masikioni, na kwa Zanzibar si ya kweli. Kazi yangu ni kuandaa maandiko ya miradi na kuyafuatilia mpaka fedha za wahisani ziingie, kwa hivyo nimeona zinavyoingia na nimeona zinavyozuiliwa. Leo nataka nilieleze hili kwa urefu, ili siku nyengine nimpe mtu kiungo asome mwenyewe.

Tuanze na umeme, kwa sababu kila mtu wa Unguja ana kumbukumbu yake. Mwaka 2008 tulikaa gizani karibu mwezi mzima. Disemba 2009 umeme ukakatika tena, na haukurudi mpaka Machi 2010. Pampu hazifanyi kazi, kina mama wanahangaika na madumu, samaki wanaoza, na mwenye jenereta ndiye anayefungua duka. Waya wa chini ya bahari uliotuhudumia ulikuwa mkongwe, na mzigo ulikwisha kuuzidi. Kilichotuokoa ni waya mpya wa megawati 100 kutoka Ras Kiromoni, upande wa Bara, mpaka Fumba, Unguja, uliokamilika 2013 kwa fedha za Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani, MCC. Ulikuwa sehemu ya mkataba wa dola milioni 698 uliosainiwa Februari 2008 kwa Tanzania nzima, na ulikuwa ruzuku, hatudaiwi. Wenzetu wa Pemba walikwisha kuunganishwa na Tanga 2010 kwa msaada wa Norway. Kabla ya hapo walitegemea mashine za dizeli za Wesha, na aliyeishi Chake Chake enzi hizo anajua mgao ulivyokuwa.

Sasa fuata tarehe. Tulipiga kura 25 Oktoba 2015. Tarehe 28 matokeo yakafutwa. Uchaguzi ukarudiwa 20 Machi 2016, chama cha upinzani cha CUF kikasusia. Tarehe 28 Machi, siku nane baadaye, bodi ya MCC ikasitisha ushirikiano na Tanzania. Uliopotea ni mkataba wa pili wa dola milioni 472, na mkataba huo wenyewe ulikuwa wa umeme. Sababu walizotaja ni mbili: uchaguzi wa Zanzibar na namna Sheria ya Makosa ya Mtandao ilivyotumika. Sehemu kubwa ya fedha zile ingekwenda Bara, kwa hivyo mtu wa kijijini huko ambaye hajawahi kuiona Forodhani alikosa nguzo ya umeme kwa jambo lililotokea kwetu. Haya niambie, hapo siasa ungeiweka kando ipi?

Wala hayakuanza 2016. Baada ya uchaguzi wa 1995 nchi kadhaa za Magharibi zilisitisha misaada yao Zanzibar, na hali ile ikaendelea kwa miaka. Na kabla ya hapo, 1964, Zanzibar ya Mapinduzi iliitambua Ujerumani Mashariki. Ujerumani Mashariki ikajenga nyumba za Kikwajuni na Kilimani ambazo watu wanaishi mpaka leo. Muungano ulipokuja, Ujerumani Magharibi ikataka ubalozi wa Ujerumani Mashariki uondoke. Mwalimu Nyerere akatafuta njia ya kati, akaruhusu ubalozi mdogo tu. Februari 1965 Ujerumani Magharibi ikaondoa msaada wake wa kijeshi, na Mwalimu akawaambia wachukue na uliobaki. Nayataja haya kwa wale wanaodhani masharti ni kitu kipya, au ni tabia ya nchi moja tu. Fedha ya nje inatoka kwenye hazina ya watu wenye bunge, wapiga kura na maadui wao. Hakuna inayovuka bahari ikayaacha hayo nyumbani.

Wengi hurukia hapo na kusema: "Basi unataka tuwafurahishe wazungu." Hapana. Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote, na ndilo nitakalokaa nalo.

Zitazame suluhu zetu moja moja. Muafaka wa kwanza wa CCM na CUF, wa 1999, ulisimamiwa na Jumuiya ya Madola. Wageni walikuwepo, saini zikawekwa, picha zikapigwa. Utekelezaji ukasuasua, na baada ya uchaguzi wa 2000 tukafika Januari 2001: watu waliuawa Unguja na Pemba, na zaidi ya elfu mbili wakavuka kwenda Shimoni, Kenya, wengi wao kutoka Pemba. Nchi iliyokuwa inapokea wakimbizi wa wengine ikawa inatoa wa kwake. Muafaka wa pili ukaja Oktoba 2001. Nao ulifanya yake, ukafika pahala ukakwama.

Maridhiano ya Novemba 2009 yalikuwa ya namna nyengine. Rais Amani Abeid Karume wa CCM na Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF walikutana Ikulu ya Mjini Unguja, wao kwa wao, bila mpatanishi kutoka nje. Karibu miezi tisa baadaye, 31 Julai 2010, tukapiga kura ya maoni, na asilimia 66.4 wakakubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Katiba ikabadilishwa. Uchaguzi wa 2010 ukapita kwa utulivu ambao watu wazima wa Pemba walikuwa hawajauona tangu vyama vingi virudi. Hakuna andiko la mradi lililoleta lile. Mimi na wenzangu tunaojua kujaza majedwali hatukuwa na mchango wowote.

Kwa hivyo ninaposema amani na mageuzi vije mwanzo kwenye vipaumbele, sina maana ya kuomba fedha za amani. Semina za amani kwenye hoteli za Mkoani na Nungwi tumezifanya za kutosha. Maana yangu ni kwamba tume ya uchaguzi inayoaminika, mahakama inayosikiliza kesi ya ardhi ikaimaliza, na serikali ya umoja inayofanya kazi kweli ni mambo ya kufanya wenyewe, kwa fedha zetu, kwa sababu ndiyo yanayoamua kama fedha nyengine zote zitakaa au zitaondoka. Ukiyaacha yalegee, umempa mgeni kamba ya kukuvutia. Halafu atakapoivuta tutalalamika tunaingiliwa.

Na tazama hati zetu zinavyoyaweka. MKUZA wa kwanza, mkakati wetu wa kukuza uchumi na kupunguza umaskini, ulikuwa na nguzo nzima ya utawala bora na umoja wa kitaifa, na ilikuwa sahihi kabisa. Lakini ukishuka kwenye maandiko ya sekta, ya maji, kilimo, uvuvi na sasa Uchumi wa Buluu, jambo hilo linajikuta ukurasa wa mwisho, chini ya "masuala mtambuka", pamoja na jinsia, UKIMWI na mazingira. Kila mtu ana sentensi zake mbili za kubandika pale. Mfadhili anazisoma, anaweka alama ya vyema, tunaendelea. Nimeandika sentensi hizo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na sijaona hata moja iliyotengewa shilingi.

Suala la Muungano nalipitia haraka, maana linastahili makala yake. Watu wanasema: "Zanzibar iende ikajiombee." Mambo ya nje ni jambo la Muungano tangu 1964. Disemba 1992 tulijiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, OIC, tukitarajia misaada yake, na Agosti 1993 tukatoka, baada ya mtikisiko uliowafanya wabunge 55 wa Bara wadai serikali ya Tanganyika. Mkopo wa nje unasainiwa na Wizara ya Fedha ya Muungano, kisha sehemu yetu inashuka huku. Kwenye misaada ya jumla ya kibajeti mgao wetu uliwekwa asilimia 4.5, na wanaoona ni kidogo na wanaoona ni kingi bado wanabishana. Mimi ni katika wanaoona ni kidogo. Lakini mradi wa Zanzibar peke yake unawezekana na upo, na aliyekwama kwa kukosa saini ya Dodoma mara nyingi utakuta andiko lake lenyewe halikuwa tayari.

Jengine la haraka: acheni kuita kila kitu msaada. BIG-Z ya Benki ya Dunia, ile ya 2021 ya dola milioni 150 kwa miundombinu ya miji, ni mkopo. Masharti yake ni nafuu, muda wake mrefu, lakini ni mkopo. Pesa za UVIKO zilizojenga skuli na hospitali za wilaya na kununua boti za wavuvi na wakulima wa mwani zilitoka kwenye mkopo wa IMF. Jengo jipya la abiria la Uwanja wa Abeid Amani Karume ni mkopo wa benki ya Exim ya China. Hospitali ya Abdulla Mzee, Mkoani, iliyojengwa upya na China, ndiyo msaada. Kukopa si dhambi. Ila anayedhani amepewa hafuatilii kama anayejua atalipa, na watakaolipa ni watoto waliopo darasa la kwanza sasa.

Nina shaka zangu, na vitabu vya mipango havizitaji. Sina hakika hata kidogo kwamba kusitisha misaada kunaleta mageuzi. Misaada ilipozuiliwa baada ya 1995, walioumia si waliokuwa wakikaa kwenye meza za mazungumzo. Aliyeumia ni mgonjwa wa kituo cha afya cha shamba na mwanafunzi aliyekaa chini sakafuni, na Pemba, iliyopiga kura ikalalamika kudhulumiwa, ikaadhibiwa mara ya pili na waliosema wanaitetea. Je, mbano ule ndio uliosukuma Muafaka wa 1999, au watu walikwisha kuchoka wenyewe? Mimi naelekea kuamini uchovu zaidi kuliko mbano. Lakini nawajua wenzangu, tena watu makini, wanaoshikilia kinyume chake, na hoja zao sijaweza kuzivunja.

Shaka ya pili ni ile safu ya mwisho kwenye jedwali la kila andiko: nani atabeba gharama mradi ukimalizika. Jibu ni lile lile kila siku: "Serikali, kupitia bajeti ya kawaida." Mwandishi anajua kifungu hicho hakipo kwenye bajeti, anayepitia anajua, mfadhili naye anajua. Nenda kituo chochote cha afya cha shamba uangalie ukutani. Utaona bango la mradi lenye nembo tatu nne za wafadhili, rangi bado inang'aa. Chini yake friji ya chanjo ya sola, na pembeni betri zilizokufa. Muuguzi anabeba chanjo kwenye kibaridi chenye barafu kutoka kituo cha jirani, kila wiki, kwa nauli anayoitafuta mwenyewe. Betri si ghali kiasi cha kuishinda nchi. Hakuna aliyepewa jukumu la kuzinunua, basi.

Ndiyo maana kufungwa kwa USAID, shirika la misaada la Marekani, Julai 2025 kulitukuta vibaya. Malaria tuliishusha mpaka chini ya asilimia moja kwa vyandarua, dawa mseto, kupuliza dawa majumbani na kufuatilia mgonjwa mmoja mmoja mpaka nyumbani kwake. Hiyo ni kazi kubwa ya Wazanzibari, na sehemu kubwa ya gharama ililipwa na Wamarekani na Mfuko wa Dunia (Global Fund). Ugonjwa ule ukiachiwa unarudi, na kila meli inayotia nanga Malindi inaweza kuja nao. Mishahara ya wafuatiliaji, mafuta ya pikipiki na vipimo vya haraka vilitakiwa viwe kwenye bajeti ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar miaka kumi iliyopita, kidogo kidogo, tulipokuwa na nafasi.

Mradi mwengine ukiletwa shehiani kwenu, kabla ya kupiga makofi, simama umuulize afisa aliyekuja mambo haya: ni mkopo au ruzuku, umesainiwa na nani, gharama za mwaka wa kwanza baada ya mradi zimo kwenye kifungu kipi cha bajeti, na ikiwa uchaguzi ujao utaharibika, fedha zilizobaki zitakwenda wapi. Hilo la mwisho atasema ni siasa. Mwambie limo kwenye mkataba uliosainiwa, kwenye vifungu vya kusitisha, na umuombe akusomee.