Einstein Kaangushwa? Maneno ya Kijiweni na Ukweli Wake

Juzi kwenye kijiwe cha kahawa Magomeni, kijana wa bodaboda alitusomea kichwa cha habari kwenye simu: nadharia mpya ya uvutano yamwangusha Einstein. Mzee mmoja akamega kashata, akasema, "Si nilijua? Nadharia ni nadharia tu."

"Nadharia tu." Mtaani nadharia ni maneno yasiyo na vitendo. Kwa wanafizikia ni hesabu inayotoa namba, na namba hupimwa. Kijana alikuwa nayo nadharia ya Einstein mkononi, ndani ya ramani ya simu yake: saa za setilaiti za GPS huzitangulia za ardhini kwa maikrosekunde 38 hivi kwa siku. Uvutano dhaifu kule juu unaziongezea 45, mwendo wao unapunguza 7. Namba hizo zinatoka kwenye hesabu za Einstein. Saa zisingerekebishwa, kosa lingefika kilomita 10 hivi kwa siku moja tu. Abiria yuko Mwenge, ramani inakupeleka Kariakoo.

"Wanaompinga Einstein ni wababaishaji." Wababaishaji wapo, sikatai. Lakini swali lenyewe ni la haki. Nyota za pembezoni mwa galaksi huzunguka kwa kasi ambayo maada tunayoiona isingeweza kuzizuia zisitawanyike. Ama kuna maada ya giza, yaani maada isiyoonekana, ama kanuni ya uvutano irekebishwe, kama mwanafizikia Mordehai Milgrom alivyopendekeza mwaka 1983. Na yote mawili, kitu kilichojificha na kanuni yenye kasoro, yalishawahi kutokea. Uranusi ilipopotoka kwenye njia yake, mwanahisabati Mfaransa Le Verrier alipiga hesabu kuwa kuna sayari imejificha. Neptuni ikaonekana mwaka 1846. Akarudia mbinu ileile kwa Utaridi (Mercury), ambayo nayo ilipotoka njiani; sayari hiyo ya kubuni ikaitwa Vulcan. Ikatafutwa weee, haikuonekana. Safari hii kasoro ilikuwa kwenye kanuni ya uvutano ya Newton: iliacha upotofu wa sekunde 43 za tao (kipimo kidogo sana cha pembe) kwa karne, ambao Einstein aliueleza mwaka 1915.

"Wanasayansi wanamlinda." Wangekuwa wanamlinda, wasingempima kila uchao. Tarehe 17 Agosti 2017 yalinaswa mawimbi ya uvutano, yaani mitikisiko ya anga yenyewe, kutoka nyota mbili za nyutroni (mabaki mazito ya nyota zilizokufa) zilizogongana. Sekunde 1.7 baadaye ikafika miale ya gamma, ambayo ni aina ya nuru. Safari ya miaka milioni 130 hivi, wakapishana kwa chini ya sekunde mbili! Nadharia mbadala kadhaa zilidai mawimbi hayo hayaendi kasi moja na nuru. Zikaenda na maji. Zinazokubali kasi moja bado zinapimwa.

Mzee akataka kujua hizo sekunde 1.7 zimetoka wapi. Huenda miale yenyewe ilichelewa kuondoka, nyota zikiwa zimeshagongana.